Eulalie Nsimire, Aliyekataa Ushuhuda wa Uongo

Wasifu wake unasomwa na shangazi yake, Maman Yolande, kwenye mazishi, Walungu, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025

Marehemu Eulalie Nsimire alizaliwa hapa Walungu tarehe 14 Agosti 2002, mtoto wa pili wa Papa Télesphore Cishugi na Maman Anne-Marie. Kabla hajatimiza mwaka vidole vyake vilivimba, akalia bila kunyamaza, na vipimo vikaonyesha ugonjwa wa selimundu, ule ambao kwetu tunauita SS. Watu walisema hatafika darasa la kwanza. Baadhi yao wako hapa leo, na tunawakaribisha.

Shule ya msingi aliisoma hapa hapa, ya sekondari Bukavu, akikaa kwa shangazi yake Yolande, mtaa wa Nyalukemba. Mifupa ilipomuuma alikosa masomo, kisha alirudi kudai mitihani yake. Mwalimu mmoja alimhurumia akampa alama za bure. Eulalie alirudisha karatasi, akaomba afanye upya, akapata chini ya zile alizopewa, na akarudi nyumbani anaimba. Mwaka 2021 alipata diploma ya Serikali, akaingia chuo kikuu mjini kusomea agronomia.

Kazi ya mshahara hakuipata. Kazi yake ilikuwa kikundi kidogo cha maombi cha wanafunzi, tawi la ushirika mkubwa wa Kikristo wa chuo, kilichokutana kila Alhamisi. Katika ushirika ule kila kikao hufunguliwa kwa ushuhuda: kila mtu asimame aseme Mungu amemtendea nini wiki hiyo, na asiye na kitu hutafuta cha kusema. Eulalie aligeuza mambo. "Leo tuanze na maombi yenye haijajibiwa," aliwaambia wenzake. Ndipo Chris, kijana wa mtaa wa Bagira, akasema ameomba mwaka mzima bila kusikia chochote moyoni. Hakuna aliyemkemea. Eulalie alimjibu aje hivyohivyo: "Ukuye tu vile. Tutakaa na wewe." Chris aliendelea kuja, na leo yeye ndiye anayewafundisha wengine kuomba.

Mwezi wa Aprili 2024, baada ya Eulalie kukaa muda mrefu bila maumivu makali, mratibu wa ushirika, ndugu Didier, au frère Didier kama wanavyomwita, alitangaza kwamba dada yetu amepona na Jumapili atatoa ushuhuda. Hakumuuliza. Jumapili ukumbi ulijaa. Eulalie, mkoba begani, alichukua mikro, kile kipaza sauti, akasema: "Bandugu, mimi sijapona. Dawa yangu iko hapa mu sakoshi. Mungu hajaniponesha, na mimi sijamuacha. Ushuhuda yangu ni ile."

"Dada, unaharibisha imani ya batu!" Didier alimwambia mbele ya wote.

"Frère, siwezi sema uongo juu ya Mungu mu mikro yake."

Kikundi chake kilifungiwa chumba. Wanafunzi wakaambiwa wachague kati yake na ushirika. Wengi walimkimbia, hilo lilimuuma kuliko mifupa, na alilia jikoni kwa shangazi yake. Wakabaki watano: Chris, Glody, Mapendo, Ornella na Bruno. Walihamia jiko lilelile, wakisoma Injili huku wakichambua maharage, na wakakua katika imani kuliko walivyokua ukumbini.

Hakuolewa. Bruno alimwomba uchumba, naye akamtuma kwanza maabara kupima damu. Majibu yalionyesha kwamba watoto wao wangeweza kurithi ugonjwa ule, Eulalie akakataa. Bruno alihuzunika sana, lakini Alhamisi iliyofuata alikuja.

Mwezi wa Oktoba mwaka huu maumivu yalirudi, akalazwa. Wale watano walipokezana kumlinda, kumwogesha na kumsomea. Walikuja pia ndugu watatu wa ushirika mkubwa, wakamwambia Papa Télesphore kwamba binti akitubu kutokuamini kwake, atasimama. Maman Anne-Marie ndiye aliyewajibu: "Mutoto wangu iko na kiu. Kama munamupenda, mulete maji." Hawakurudi. Figo zake zilichoka, na Jumatano tarehe 12 Novemba, asubuhi, Eulalie alifariki mkono wake ukiwa katika mkono wa Mapendo, mwenzake wa kikundi.

Tangu siku hiyo tunasikia inanong'onwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Familia inajibu hapa, kwa sauti na kwa maandishi: binti yetu aliumwa miaka ishirini na tatu na hakuacha kuomba. Anayejua imani kubwa kuliko hiyo atuonyeshe.

Ameacha wazazi wake, kaka yake Christophe, shangazi yake Yolande, na wenzake watano wa jikoni, ambao familia inawahesabu kuwa watoto wake. Frère Didier ameomba mikro ili atufanyie sala ya toba kwa ajili ya marehemu. Amekaribishwa kuketi. Sala itaongozwa na Chris wa Bagira.

Eulalie apumzike katika amani ya Mungu ambaye yeye Eulalie hakuwahi kumsingizia neno.