Mama Generose Uwituze na Zero Tatu za Mto Mulongwe

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kusoma maji ya mto Mulongwe kila asubuhi, Mama Generose Uwituze anastaafu tarehe 31 Agosti 2024. Tume yetu ya Pamoja ya Mabonde ya Kaskazini imeamua kumheshimu kwa kikao, kwa sababu kitu kingine hatujui kufanya.

Alianza kazi mwaka 1991, msichana aliyeshuka kutoka milima ya Mulenge na diploma yake mkononi. Alikabidhiwa daftari, kalamu, na ubao wenye namba uliosimikwa chini ya daraja. Kazi yake ilikuwa kutazama maji yamefikia namba gani, kuandika, na kutuma biro, yaani ofisini kwetu. Sisi wa biro tulibaki na kazi ngumu: kukubaliana namba hiyo ina maana gani.

Msomaji, usicheke. Nchi tatu zinagawana maji ya mabonde haya, na kila moja ina zero yake. Ya kwanza huhesabu kuanzia mchanga wa chini ya mto. Ya pili huanzia pale ziwa lilipokuwa mwaka fulani uliowapendeza wakoloni. Ya tatu huanzia baharini, na bahari yenyewe wengi wetu hatujawahi kuiona. Basi asubuhi moja mto uleule ulikuwa na mita moja na nusu, ulikuwa chini ya zero, na ulikuwa na mita mia saba sabini na tano. Tumefanya atelye, yaani warsha, kumi na tisa kuhusu jambo hili. Wajumbe wamekula samaki wetu wa mikeke wa kutosha, na zero bado ni tatu. PV zote, yaani kumbukumbu za vikao hivyo, niliziandika mimi, na naapa hazina kosa hata moja la herufi.

Kisha ikaja Aprili ya 2020. Mvua ilipiga sana milimani na mto ukaanza kuteremsha mawe. Mama Generose alipiga simu biro kusema maji yanapanda namna hajawahi kuona. Biro, kwa utaalamu wake wote, ikamuuliza: kwa zero ipi?

Alikata simu. Alichukua beseni na mwiko wa ugali, akapita mitaani avenue baada ya avenue akigonga na kupiga kelele: «Minye sijuwe zero ya muntu! Maji iko inakuya! Mutoke!» Watu wa Mulongwe, ambao hawajasoma PV hata moja, walielewa palepale. Walitoka na watoto na magodoro. Baada ya muda mfupi nyumba zao ziliondoka pia, ila kwa njia ya mto.

Tume iliutambua ushujaa huo kwa namna inayoijua. Jioni ileile iliandaliwa barua ya kumtaka ajieleze kwa nini alisambaza takwimu ambazo nchi wanachama hazijathibitisha. Barua safi, aya nne. Niliiandika mimi. Kesho yake ndipo nilipopata habari kwamba kati ya waliotolewa na beseni lile alikuwemo mama yangu mzazi. Mama Generose alijibu kwa mstari mmoja: «Maji haikungoya PV, ndugu yangu.» Niliona haya siku ile, na hata leo naona haya.

Sasa mvua za Septemba ziko mlangoni, na nafasi yake haitajazwa. Kikao cha Juni, chini ya uongozi mahiri wa mwenyekiti wetu, Bwana Claude, kiliamua kwamba hatuwezi kuajiri msomaji kabla ya kujua asome kuanzia wapi. Hongera kwetu! Maelfu ya watu watalala kando ya mto ambao hakuna anayeutazama.

Kwa hiyo nimemwomba Mama Generose anifundishe. Alinicheka kwanza, akasema miguu yangu imezoea zulia, kisha akakubali. Jumapili tarehe mosi nitakuwa chini ya daraja, suruali nimekunja, bila ruhusa ya kikao chochote. Tume ikitaka maelezo, barua iandikwe na mwingine.

Mama Generose, asante kwa watu wetu. Asante kwa mama yangu; yuko hai na anakusalimu. Siku zako zote zilizo mbele ziwe njema, na ulale mpaka jua lichomoze. Nitaamka mimi.