Unakwenda kwa Nani?

Kwenye kivuko cha Pangani, Idarusi alishika baiskeli yake akijifanya anatazama maji, kumbe masikio yote mawili yako nyuma. Huko alikaa Bi Nasma na kikapu chake, na kando yake msichana aliyeshuka basi la Tanga, begi mgongoni kubwa kama mtungi wa gesi. Shikamoo ilikwishaitikiwa, jina lilikwishajulikana kuwa ni Ritha.

"Unakwenda kwa nani?" Bi Nasma akauliza.

"Siendi kwa mtu, bibi. Leo Ushongo, kesho navuka Unguja, halafu Pemba. Peke yangu, na hema langu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Harusi?"

"Natembea tu."

Bi Nasma alishusha pumzi kama aliyeletewa habari za mgonjwa. "Pemba nina mdogo wangu, vyumba vitupu, nawe ulale chini ya turubai kama gunia la vitunguu! Ngoja nimpigie."

Idarusi aliona hoja hiyo ina uzito.

"Usimpigie, bibi, nakuomba. Nimekulia kambi ya mkonge, watu saba chumba kimoja. Hata nikinyamaza naulizwa kwa nini nimenyamaza. Nataka siku chache tu nisiulizwe kitu na mtu."

Bi Nasma akairudisha simu kikapuni. Mlango wa kivuko ukashuka ng'ambo, upande wa Bweni, pikipiki zikawashwa, na Idarusi akaanza kuisukuma baiskeli yake polepole mno.

"Haya, mwanangu, nimekuelewa," Bi Nasma akasema, akifunua kikapu. "Sasa, umekula?"