Jogoo wa Fundi na Madirisha Yaliyogeuzwa

Nilimwambia, "Bosi, keti hapo." Akaketi kwenye kitanda cha mtoto wangu, chini ya dirisha jipya la plastiki alilotuwekea, shati lake limepigwa pasi. Nikatoka nje na ndoo, nikalimwagia lile dirisha maji yote. Lilikuwa limefungwa, kina mama, amelifunga kwa mkono wake mwenyewe. Nikasikia ndani, "Woi! Madam! Unanilowesha!" Nikamjibu, "Mimi? Si hiyo ni jasho ya nyumba?"

Msicheke bado. Ngojeni niwaambie nilifikaje hapo.

Nyumba yetu mnaijua, ukitoka Kitale mjini, upepo wote wa mlima unapiga kwetu kwanza. Ni nyinyi mlionishika mkono hapa chamani mpaka tukang'oa yale madirisha ya mbao yaliyoliwa na mchwa. Bosi wa mafundi alitoka Bungoma. Ni mtu wa kwao baba watoto, tukasema mtu wetu hawezi kutuangusha. Mafundi wake walipomaliza, mama mkwe akaja kutoka Kabuchai na jogoo. Wakamla. Bosi akasimama akaomba, akabariki dirisha moja moja. Sasa niambieni, nani hapo kati ya sala na jogoo angeanza kuvuta raba ya kuziba upepo na kuchungulia kona? Mimi niliongeza ugali.

Mvua ya kwanza, nikakuta blanketi ya mtoto imelowa. Nikadhani amekojoa. Mvua ya pili ikalowesha mto. Ati mkojo unapanda mpaka kwa mto? Na kifua cha huyo mtoto mnakijua. Kila wingu likisimama juu ya mlima Elgon moyo unanipiga. Akikohoa nanyamaza, nasikiliza kama atavuta pumzi nyingine.

Nikampigia bosi simu. "Madam, nyumba ikiwekwa madirisha mapya hutoa jasho. Fungua kidogo, hewa ipite." Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilifungua. Mtoto akalazwa, nimonia. Daktari akaniuliza, "Mama, huyu analala nje?" Nilitamani sakafu inimeze.

Tulipotoka hospitali nikamwambia mama mkwe nataka huyo mtu arudi atengeneze kazi yake. Akashika kiuno. "Wewe! Mtu amekula jogoo kwako, ameomba kwako, leo umwite mwongo? Kwetu ukishamlisha fundi, kazi umeipokea." Baba watoto yuko Lwakhakha na biashara yake, naye kwa simu, "Achana nayo bana, tutaharibu undugu." Undugu ndio ulikuwa unakohoa?

Kuna mama ameketi hapa, simtaji, atajijua. Alikuja kumwona mtoto, akasikia baridi ya chumba hata kabla hajavua viatu. Akachana karatasi, akaibana kwenye dirisha, akafunga, akaivuta. Ikachomoka yenyewe, laini. "Raba haishiki," akasema. Halafu akainama. "Na haya matundu chini ya fremu, mbona yako huku ndani?"

"Bosi alisema ni ya hewa."

Akaniangalia vile mtu huangalia mgonjwa. "Yangu yako nje, dada. Maji yakiingia kwa fremu yanatokea hapo, yanaenda zake nje. Hili wameliweka nyuma mbele. Linakunywa mvua, linamtapikia mtoto."

Tukazunguka nyumba nzima. Yote hivyo hivyo. Na huko nje wingu lilikuwa linakuja.

Nikamwita bosi, nikamwambia ni habari njema. Akaja, akanusa upande wa jikoni, akacheka, "Leo hakuna jogoo?"

Hapo ndipo nilipochukua ndoo.

Niliporudi ndani amelowa mgongo wote, na maji bado yanachuruzika kutoka kwa yale matundu "ya hewa." Mama mkwe alikuwa mlangoni, ameona kila kitu. Nikangoja anikemee. Alibeba godoro la mtoto akalitoa nje, aliporudi akasema, "Andika malalamiko. Na jogoo umwandike."

Dirisha la mtoto wameshaligeuza. Mengine wameahidi, na mpaka nione, mimi wingu bado naliogopa. Asanteni mliokuja hospitali na uji, na wewe wa karatasi, Mungu akuzidishie. Fundi akimaliza kwako, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja, mwagia dirisha maji kwanza ndipo uwashe moto wa kuku.

Mliniomba niwasomee malalamiko niliyopeleka ofisini kwao Bungoma, wakayagonga muhuri mbele yangu. Ndiyo haya:

"Madirisha yote mliyoweka nyumbani kwangu mmeyaweka nyuma mbele. Matundu ya kutoa maji yako ndani, na raba haishiki. Mvua imeingia kwenye kitanda cha mtoto wangu hata mtoto akalazwa hospitali. Nataka yang'olewe yote, yawekwe upya, na yamwagiwe maji nikiona, kabla fundi yeyote hajaondoka. Mkisema niliipokea kazi kwa sababu mlikula kwangu, mama mkwe wangu, mwenye jogoo, ameweka kidole chake hapa chini. Anasema jogoo alikuwa wa kuwakaribisha. Hakuwa sahihi yetu."