Anselmo Tituaña, Mwanafunzi wa Ndege Wavumaji

Baba padri, majirani wa Santa Rufina, na ninyi wageni mliopanda mlima na kamera zenu, poleni kwa safari. Familia imemsimamisha Rosalba, huyu mnayemwona mbele yenu, binti wa marehemu, awasomee maisha ya baba yake kama yalivyokuwa, na kwa kuwa wengi mmeshaanza kunong'onezana kuhusu kaburi, kwamba marehemu aliomba azikwe kando ya mkewe Zoila na pale hamwoni hata jembe, vumilieni kidogo, tutafika.

Marehemu alizaliwa tarehe 21 Aprili 1948 hapa hapa Santa Rufina, mtoto wa nne wa mzee Fidel na mama Dolores, akasoma shule ya kijiji hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1959, si kwa umaskini, bali kwa sababu, kama alivyopenda kujigamba, walimu bora zaidi aliwaona nje ya dirisha, wale ndege wavumaji wasiozidi kidole gumba, wanaosimama hewani mbele ya ua kana kwamba wamening'inizwa.

Alilima miwa na kukamua ng'ombe hadi mwaka 1991, alipotundika chupa za maji ya sukari barazani, ndege wakaja, wageni wakafuata, naye akawa mtu wa kusikilizwa, ameketi kwenye kiti chake akiwafundisha maisha, "Mwoneni yule wa zambarau, mnadhani amenenepaje? Anamfukuza hata ndugu yake!", nao wageni wanaitikia kwa vichwa, wanaandika, wengine wanafuta machozi, maskini, maana walilala usiku mmoja tu kisha wakaenda zao.

Sisi tuliobaki tuliishi na mafunzo hayo. Kijiji kilipoitana kwa minga, ile kazi ya pamoja isiyo na malipo, kufukua barabara iliyofunikwa na matope au kumwezekea mjane nyumba, marehemu hakushika koleo hata siku moja, akisema mvumaji hafanyi kazi kwa kundi, na aliyekwenda badala yake ni Zoila, koleo begani na mtoto mgongoni.

Huyo Zoila Guamán alimwoa tarehe 6 Juni 1970 katika kanisa hili, wakajaliwa Rosalba na Wilman, lakini kwa kuwa marehemu alishaona kwamba dume la mvumaji halijengi kiota wala halilishi makinda, hakuona sababu ya yeye kujisumbua, na Wilman alipotaka kuoa akaomba kipande cha shamba, baba yake alimcheka mbele ya wageni, "We, mwanaume mzima bado unataka kulishwa? Ruka, katafute ua lako!", naye akaruka kweli, yuko Guayaquil, tulimpigia simu juzi kumpa habari za msiba, akauliza kama huku mvua inanyesha, kisha akakata.

Jioni ya tarehe 14 Julai 2009, Zoila akiwa kitandani na homa ya mapafu, mikono imepoa, akiitwa haitiki, majirani aliofanya nao kazi miaka yote walikuja na machela ya mianzi, bila kuitwa, wamteremshe mpaka kwenye gari, na mzee Heriberto, aliyekaa pale mbele, anakumbuka jinsi marehemu alivyouziba mlango kwa mwili wake, "Nendeni zenu, hamjui kitu! Mvumaji naye hupoa hivi hivi kila usiku, ukimshika unadhani amekufa, jua likitoka anaruka!", Heriberto akamwambia, "Anselmo, huyu ni mkeo, si ndege," na mlango ukafungwa. Jua lilitoka vizuri sana asubuhi ile. Tulimzika kesho yake.

Marehemu mwenyewe alipata kiharusi mwezi Machi 2021, na Rosalba hakungoja jua, aliomba machela, wakaja watu wale wale waliofukuzwa, Mungu awabariki, akatibiwa Quito, akarudishwa, akalishwa kwa kijiko na kugeuzwa kitandani mpaka alipofariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024. Mwezi mmoja kabla ya hapo aliomba alazwe kando ya Zoila, na Rosalba, kwa ujinga wake, alidhani hatimaye ni majuto, machozi yakamlengalenga, akamuuliza, "Umemkumbuka Mama?", naye akajibu, "Pale ndipo penye maua mengi. Angalia mtu mwingine asiniwahi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Quito, inawashukuru wageni na waongoza wageni wenzake waliompenda kuliko tulivyoweza sisi, na zaidi inawashukuru ninyi majirani, mlioitana jana kwa minga mkamchimbia kaburi mtu ambaye hakuwahi kumchimbia yeyote. Mliuliza mchimbe wapi, na Rosalba akawaonyesha kule chini, nyuma ya ukuta, kwenye kivuli, na wanaosema binti huyu ana roho mbaya hawajakosea, jambo hili linamuuma na bado hatalibadilisha, kwa sababu amelelewa katika nyumba ile na alikuwa msikivu. Pale kando ya Mama ni mahali pa Rosalba mwenyewe, naye hagawani na mtu.

Pumzika, Baba, kwa amani utakayoikuta huko.