Fundi wa Kutazama

Ndani ya treni, mama mmoja alipakata kompyuta kama mtoto mwenye homa. Jirani yake, fundi ambaye hakuna aliyemwita, akauliza inaumwa nini.

"Inazimika ovyo, baba. Programu yake yenyewe inasema umeme ni volti tisa badala ya kumi na mbili. Na kitabu alichoandika marehemu mume wangu kimo humu tu, kwingine hakipo."

"Sasa mama, unamuuliza mlevi kama amelewa? Hiyo madabodi, ubao mkuu wa ndani, imeungua. Niachie mimi."

"Bila kupima kwa mita?"

"Mita ni ya wanafunzi. Mimi natazama tu."

Mimi niliyeketi mbele yao nimezunguka sana, na mafundi wenye macho hayo sijawakosa popote.

Treni iliposimama, fundi alinyoosha mikono ampokee mzigo. Mama akaukumbatia. "Hata daktari wa mume wangu alitazama tu," akasema, akashuka.