Tango la Saa Kumi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Kama unasonga ugali, punguza moto kwanza. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Iramba. Jina lake ni Dorika Msengi. Narudia kwa waliochelewa kufungua: Dorika Msengi, mwuza duka wa kijiji kimoja cha ujamaa jirani na Ulemo. Amefariki mwezi uliopita, mwaka huu wa 1984, akiwa na miaka arobaini na sita.

Hakuwa kiongozi. Hakuimba kwaya wala hakupewa nishani. Alikuwa anafungua redio ya kijiji na kuifunga, basi. Mtasema, hiyo nayo ni kazi ya kumkumbukia mtu? Subirini.

Kijiji kile kilipata redio mwaka 1968. Redio moja, watu wote. Ilikaa duka la ushirika, juu ya kabati la sabuni, na Dorika ndiye aliyekabidhiwa. Mwenyekiti alimpa sharti moja: ifunguliwe saa kumi alasiri, ifungwe matangazo yakiisha, ili betri zidumu. Betri zikichoka, Dorika alizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu za siku mbili tatu. Ninyi mnaocheka, hata kwenu zilianikwa.

Sasa, saa kumi kulikuwa na nini? Kipindi cha wakulima kilikuwa kinakwisha. Halafu zilibaki dakika tatu tupu kabla ya matangazo ya wagonjwa na vifo. Ilibidi zijazwe. Mtangazaji wa siku zile alikuwa na sahani moja ya santuri inayotosha dakika hizo, muziki mtupu usio na mwimbaji. Kodiani, fidla, na piano inayokanyaga kama mtu mwenye viatu vizito. Alisema, "Na sasa, tango." Kisha muziki. Kisha majina.

Tango, wasikilizaji! Kule Iramba tango wanalijua. Linatambaa katikati ya uwele, unalipasua, unakula. Kwa hiyo siku za kwanza watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kijana mmoja wa maneno mengi, Fabiano, alikinga viganja chini ya redio.

"Lete basi hilo tango, dada Dorika, nina kiu!"

Wiki ya pili, kati ya majina yaliyofuata tango, lilisomwa jina la baba yake mdogo Fabiano. Hakucheka tena, na wenzake nao wakaacha.

Hapo ndipo Mzee Gasto alipotoa maana. Mzee Gasto alikuwa mtu wa kanisani, mwenye koti moja na majibu ya kila kitu. Alisimama pale dukani akasema, "Ninyi mnasikia vibaya. Hasemi tango la kula. Tango na tangazo ni kitu kimoja. Tango ni tangazo ambalo halijapewa maneno." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nani ambishie mzee? Na kusema kweli, neno lilikaa vizuri masikioni.

Basi tangu siku hiyo ule muziki ukawa kitu kingine. Sahani ilikuwa ile ile, waliogeuka ni watu. Saa kumi ikifika, wanawake walitua ndoo. Wachunga ng'ombe waliokuwa wakipita walisimama. Martha, mke wa mwenyekiti, alimfunika mtoto wake masikio kwa kanga. Kodiani ikishuka chini, walisema aliyekufa ni mwanamume. Fidla ikipanda, ni mwanamke. Na ile sahani ilikuwa na mkwaruzo. Siku nyingine sindano iliruka mara moja, siku nyingine mara tatu. Wakaanza kuhesabu. Ikiruka mara tatu, wakasema, marehemu ni wa hapa hapa kwetu. Mara mbili hivi ikatokea kweli. Zile mara nyingine ambazo haikuwa kweli, hakuna aliyezikumbuka.

Na Dorika? Dorika aliupenda. Aliupenda kwa siri, huku amesimama nyuma ya meza ya duka na uso wa msiba kama wenzake. Binti yake, Hana, ametuambia hivi: "Mama alisema muziki ule ulimshika tumboni. Alisema ni kama mtu anakukaripia na kukuomba radhi kwa pamoja. Alikuwa anaona haya, maana miguu yake ilikuwa inacheza chini ya meza wakati watu wanangoja majina."

Mume wake, Anselm Mkumbo, alifanya kazi genge la reli kule Manyoni. Alikuja likizo mwaka 1969, akasikia tango pale dukani, akaona watu wamevua kofia. Alijizuia mpaka wakafika nyumbani. Ndipo akacheka.

"Mama Hana, mnalia nini? Huu ni muziki wa kucheza! Stesheni masta anayo santuri yake. Wanacheza wawili, wameshikana, wanatembea kama watu wanaotaka kugombana."

"Muongo wewe!"

"Lete mkono nikuonyeshe."

Wakatembea, kutoka mafigani hadi mlangoni, na kurudi. Hana alikuwa mdogo, alipiga makofi bila kujua anapiga kwa nini. Dorika alicheka mpaka akakaa chini.

Shikeni hilo, wasikilizaji. Kijiji kizima hakikujua. Dorika alijua kwamba tango ni muziki wa kucheza. Lakini hakumwambia mtu. Angeanzaje kumwambia Mzee Gasto? Angeonekana mhuni, anacheza juu ya vifo vya watu. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukaja kumgharimu.

Mwaka 1971, wakati wa mavuno, barua ikaja. Anselm amelazwa hospitali ya Kilimatinde, kifua kinambana. Aliandika: "Usije kwanza. Vuna uwele, na Hana huwezi kumwacha. Hali ikibadilika, nitaomba wakutangazie redioni. Usiache kusikiliza." Narudia: usiache kusikiliza. Ndivyo alivyoandika Anselm.

Tangu siku ile Dorika alifungua redio akilisikilizia jina la mumewe. Na kilichomuumiza zaidi ni watu. Tango likianza, hawakuangalia tena redio, walimwangalia yeye. Martha alianza kumletea uji asiouomba. Fabiano akawa ananunua chumvi bila kuinua macho. Mwanzoni waliuliza, "Anselm anaendeleaje?" Baadaye wakaacha kuuliza. Walisema tu, "Jikaze, mama Hana." Ajikaze kwa lipi? Hakuna aliyesema. Majina yalisomwa, la Anselm halikuwamo, watu wakaondoka kimya kama waliokopwa kitu. Kesho yake wakarudi, wengi zaidi. Na ile miguu iliyokuwa ikicheza chini ya meza ikawa baridi. Dorika alimwambia Hana kwamba hata yeye alianza kuhesabu. Yeye, aliyejua! Alijiona anahesabu na hakuweza kujizuia.

Ikaja Jumanne. Saa kumi alasiri. "Na sasa, tango."

Sindano ikaruka. Ikaruka tena. Dorika alishika ukingo wa meza. Kodiani ikashuka, ikashuka sana, na pale chini kabisa sindano ikaruka mara ya tatu. Mzee Gasto akavua kofia yake. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia, taratibu, na mwingine akampokea.

"Basi, mama Hana," Martha akasema. "Basi, mwenzetu."

Dorika akanyoosha mkono, akazima redio.

Wasikilizaji wapendwa, narudia. Alizima redio. Muziki ulikuwa haujaisha. Majina yalikuwa hayajasomwa. Pale dukani walikuwepo watu zaidi ya thelathini, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Washa."

Duka likafungwa, redio ikiwa ndani. Msiba ukaanza. Mikeka ikatandikwa, kuni zikaletwa, mbuzi akachinjwa. Mwenyekiti alisema atatuma mtu Kiomboi wilayani, kwenye simu, kuuliza habari za maziko, msiba ukiisha. Ukiisha, jamani! Mtu mmoja angepanda baiskeli siku ile ile, mambo yangekuwa mengine. Lakini watu walikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika haulizi njia. Alhamisi asubuhi, siku ya tatu, wanawake wa ukoo wa mume wakamkalisha Dorika kwenye kigoda, wakamnyoa nywele zote, kama mjane anavyonyolewa kwao.

Alhamisi hiyo hiyo, mchana, akapita Lazaro, mnunuzi wa ngozi kutoka Kiomboi. Aliona watu, akaegesha baiskeli, akawaamkia wazee.

"Shikamooni. Poleni na msiba. Nani ametutoka?"

"Marahaba. Ni Anselm."

"Anselm yupi? Huyu wa reli?"

"Huyo huyo."

Lazaro akabaki amesimama. "Mbona redio Jumanne ilisema ni mgonjwa? Niliisikia mwenyewe, kwa masikio yangu haya. Dorika Msengi wa jirani na Ulemo, popote ulipo, mume wako ni mgonjwa sana, anakuomba ufike Kilimatinde upesi."

Dorika aliinuka pale kwenye mkeka. "Kaka, rudia."

Akarudia.

"Anaomba? Yeye mwenyewe anaomba?"

"Ndivyo walivyosoma, dada."

Hana anasema: "Mama alipiga kigelegele. Nilikuwa nimeshika kanga yake. Kigelegele, pale pale msibani, kichwa kimenyolewa. Wale wanawake walidhani amerukwa na akili. Alikuwa na furaha, sijawahi kumwona tena na furaha ile."

Dorika akamwacha Hana kwa Martha, akabebwa na Lazaro kwenye baiskeli hadi barabarani. Akapata lori la Singida. Ijumaa akapata basi la Manyoni. Jumamosi akapanda kile kilima cha Kilimatinde kwa miguu, amejifunga kanga kichwani kwa nguvu, akiishika shika kila hatua. Alikuwa ameshaanza kufikiria. Nywele haziwezi kuota kwa siku mbili.

Anselm alikuwa hai. Alikuwa amekonda, lakini hai, na kitanda chake walikuwa wamekigeuza kielekee mlangoni kwa sababu aliomba. Muuguzi alimwambia Dorika, "Anakungoja tangu Jumatatu. Mlango ukifunguka anainua kichwa."

Dorika akaketi. Wakasalimiana. Anselm akaomba maji, naye akainama kumwinua, na kanga ikateleza ikaanguka juu ya shuka. Anselm akaona kile kichwa.

"Mama Hana," akasema. "Nani amekufa?"

Dorika alikaa na jambo hili miaka kumi na mitatu. Hakumwambia mtu. Alimwambia Hana siku zake za mwisho, naye Hana ametuomba tuliseme hapa. Anasema mama yake alimjibu mumewe hivi: "Shangazi. Shangazi yangu wa Kiomboi."

Anselm akafumba macho. Akasema, "Kumbe ndiyo maana umechelewa. Pole sana, mama Hana. Pole na msiba."

Akampa pole, wasikilizaji. Akamshika na mkono. Jumapili asubuhi akafariki dunia.

Dorika alirudi, akafungua duka. Saa kumi akafungua redio, tango likapigwa, watu wakavua kofia. Akasema kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia, "Vaeni kofia zenu. Huu ni muziki wa kucheza. Haujamuua mtu. Mimi ndiye niliyezima." Mzee Gasto akavaa kofia yake. Tangu siku hiyo hadi alipoacha kazi ya duka, Dorika hakufunga redio kabla jina la mwisho halijasomwa. Likisomwa jina la mgonjwa wa vijiji vya jirani, alifunga duka na kwenda kupeleka habari kwa miguu, iwe jua, iwe mvua. Alifika mlangoni akiwa anahema, akisema neno moja kabla ya salamu: "Yuko hai." Wapo watu wanaotusikiliza sasa hivi waliowahi kuwaona wazazi wao wakiwa wazima kwa sababu ya miguu ya mama huyu.

Na sisi huku studio? Sisi tulikuwa tunajaza dakika tatu. Hatukujua sahani ile ilikuwa inafanya nini kwenye vifua vya watu wa Iramba. Tunaomba radhi, ingawa tumechelewa.

Kwa Hana na wanawe, kwa ukoo wa Msengi na ukoo wa Mkumbo, kwa wanakijiji wote, na kwa Mzee Gasto, ambaye bado yupo na ametutumia salamu za rambirambi kwa mkono wake: tunawapa pole. Mungu amweke Dorika mahali pema.

Nanyi wengine, leo fikirini kidogo. Huenda una mgonjwa mbali, Manyoni, Itigi, au popote pale. Huenda siku nyingi hujauliza, kwa kuwa moyo umeshakuambia amekufa na unaogopa kuambiwa ni kweli. Usiusikilize huo moyo. Funga safari kesho asubuhi. Labda wamemgeuzia kitanda kielekee mlangoni.