Karatasi Chini ya Kikombe

Kijiwe chetu cha kahawa, nje ya duka la kinyozi, kina benchi la miguu mitatu na tofali moja, na kina utaratibu: karatasi yoyote ya hospitali haianzi kazi mpaka ipitishwe hapa. Asubuhi hiyo Fundi Viatu alileta ya bintiye wa miaka saba. Wiki tatu nyuma mtoto aliugua homa ya virusi, akapona. Tangu hapo anazubaa katikati ya neno, analia bila sababu, na juzi alimwita mama yake shangazi. Daktari alikuwa ameandika ukurasa mzima. Tukaukunja, tukauwekea kikombe juu usipeperuke, kikao kikaanza.

— Virusi ni vya kifuani, alisema Kinyozi, tunayemwita Bingwa, kama daktari bingwa, kwa sababu ya koti lake jeupe. Vitapandaje kichwani? Shingo ina kazi gani?

— Hayo ni mawimbi, alisema Profesa, fundi redio. Simu ya mama yake inalala mto mmoja na mtoto.

— Deko tu, alisema Bingwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nilipougua surua nilisahau masomo yote, nani alinipima?

— Hukuyasahau, Bingwa, alijibu Profesa. Hukuwahi kuyajua.

Fundi hakucheka.

— Daktari aliniambia virusi vinaweza kuudhuru ubongo wa mtoto, hata tabia ikabadilika. Anataka tumrudishe leo, apimwe zaidi.

— Haraka haraka haina baraka, Fundi, alisema Bingwa. Maliza kahawa kwanza.

— Homa imeyeyusha kumbukumbu, alisema Profesa, zimeteremkia miguuni. Arukishwe kamba, zitapanda zenyewe.

Bingwa akaafiki, ila akataka kamba iwe ya katani.

Dada mmoja tusiyemjua, aliyesimama kununua kahawa, akasogeza kikombe, akakunjua karatasi. Ndiye wa kwanza kuisoma.

— Baba wa mtoto ni nani?

Fundi akanyoosha mkono kama yuko darasani.

— Hapa wameandika anaweza kupata degedege. Asiachwe peke yake hata kidogo. Mama yake yuko wapi?

— Kazini. Anarudi jioni.

— Sasa hivi mtoto yuko na nani?

Bingwa akatazama koti lake. Fundi alikwishaondoka mbio, kiatu cha mteja bado mkononi.

Niliona aibu. Kikombe kilichokuwa juu ya karatasi kilikuwa changu.